Daktari wa Wagonjwa na Daktari wa Huduma: Historia Fupi ya Elimu ya Juu ya Afya Kandokando ya Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Neno "daktari" katika Kiswahili lina kazi mbili. Anayetibu wagonjwa hospitalini huitwa daktari. Na aliyetetea tasnifu mbele ya jopo la maprofesa, hata kama hajawahi kumshika mgonjwa mkono, naye huitwa daktari. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo utata huo unazidi, kwa sababu shahada ya msingi ya tiba yenyewe huitwa udaktari wa tiba, ilhali udaktari wa utafiti hupatikana miaka mingi baadaye, na ni wachache wanaoufikia. Wenzetu wa Tanzania wamejaribu kuukata utata huo kwa istilahi "shahada ya uzamivu", iliyoundwa kutokana na kitenzi "kuzama", yaani kwenda chini kabisa ya jambo. Kwa sisi tunaoishi Kalemie, ambako ziwa huchukua wavuvi kila mwaka, kuzama si neno la kufurahisha. Hata hivyo istilahi hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa azamaye hutarajiwa kurudi juu na kitu mkononi.

Makala haya yanahusu aina moja ya uzamivu, nao ni ule wa huduma za afya na sera ya afya. Taaluma hii haiulizi ni dawa gani inayoponya. Inauliza kwa nini dawa inayojulikana kuwa inaponya haimfikii mgonjwa, kituo cha afya kijengwe wapi na kihudumie watu wangapi, nani alipe, nani aamue, na kwa nini mama apite mbele ya kituo akaenda kwa mganga kwanza. Maswali hayo yamekuwa yakiulizwa kandokando ya Ziwa Tanganyika kwa muda wa zaidi ya karne moja, lakini waliopewa nafasi ya kuyauliza rasmi, na kupata cheo kwa kuyajibu, hawakuwa daima watu wa hapa.

Lengo letu ni kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba eneo letu limekuwa chimbuko la maarifa makubwa ya sayansi hii. Pili, kwamba muundo wa vyuo vyetu ulichelewesha kuwapata wataalamu wa nchi. Tatu, kwamba lugha ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyotumika kuulizia karibu kila swali, imeachwa nje ya tasnifu zenyewe, na kwamba jambo hilo lina gharama.

2.0 Watabibu waliosoma Malta

Historia ya elimu ya juu ya tiba katika ziwa letu inaanzia mbali, katika kisiwa cha Malta. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadre Weupe, alikuwa na wazo ambalo kwa wakati wake lilikuwa geni. Vijana Waafrika waliokombolewa kutoka utumwani wafundishwe utabibu katika chuo kikuu, kisha warudi Afrika kuishi miongoni mwa watu kama watabibu na makatekista, wakioa na kujenga nyumba kama wenyeji. Vijana hao walipelekwa Malta kuanzia mwaka 1881.

Anayejulikana zaidi kati yao ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu katika miaka ya 1860, akatekwa akiwa mtoto, akanunuliwa na wamisionari huko Algeria, akasoma Malta, kisha akasafiri mwaka 1888 pamoja na msafara wa wamisionari kuelekea Ziwa Tanganyika. Alifika Karema mwaka 1889. Karema iko ng'ambo ya mashariki, katika Tanzania ya leo, ikitazamana na Mpala iliyo upande wetu. Huko alitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani kwa zaidi ya miaka 60. Wenzake kadhaa waliosoma naye walifanya kazi katika misheni za upande wa magharibi wa ziwa. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha simulizi ya maisha yake aliyoieleza yeye mwenyewe.

Mfano wa Atiman unafundisha jambo ambalo wataalamu wa huduma za afya walikuja kulisisitiza baadaye sana. Mtabibu anayekaa mahali pamoja kwa muda mrefu, anayejua familia za wagonjwa wake na anayesema lugha yao, huaminiwa kuliko mtabibu mwenye elimu kubwa anayepita. Lakini mpango wa Malta haukuendelezwa. Chuo chenyewe kilifungwa kabla ya mwisho wa karne ya 19, na baada ya hapo ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya nchi yetu kumfundisha tena Mwafrika utabibu katika chuo kikuu.

3.0 Ukoloni: sayansi ya hapa, wanasayansi wa kwingine

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika bonde la Kongo na katika fukwe za Ziwa Tanganyika. Vijiji vilihamishwa, na watu walizuiwa kusafiri bila kupimwa. Ugonjwa huo ndio uliowaleta watafiti. Mwaka 1903 Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Liverpool kilituma msafara katika Dola Huru ya Kongo. Mmoja wa viongozi wake, Joseph Everett Dutton, ambaye awali huko Gambia alikuwa amekitambua kijidudu cha malale katika damu ya binadamu, alifariki Kasongo mwezi Februari 1905 kwa homa ya papasi, ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza. Mwaka uliofuata, yaani 1906, Wabelgiji walianzisha Brussels shule yao ya tiba ya tropiki, ambayo ilihamia Antwerp mwanzoni mwa miaka ya 1930. Shule hiyo ikawa Taasisi ya Tiba ya Tropiki, na jina lake litarudi mara nyingi katika historia hii.

Utawala wa kikoloni ulijenga huduma za afya ambazo kwa idadi ya hospitali na zahanati zilisifiwa katika Afrika nzima. Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha kazi ya tiba huko Kisantu kwa jina la FOMULAC, na mwaka 1930 ulianzishwa mfuko wa FOREAMI, uliopima na kutibu watu kijiji kwa kijiji. Wakongo walifundishwa uuguzi, na wachache walifundishwa kuwa wasaidizi wa tiba, cheo kilichokuwa kati ya muuguzi na daktari. Hawa walikuwa watu wa elimu na uzoefu. Wengi wao waliendesha wodi nzima za hospitali. Lakini ngazi iliishia hapo. Msaidizi aliweza kutekeleza mpango. Hakuruhusiwa kuubuni wala kuuhakiki.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kinshasa, wakati huo Léopoldville, mwaka 1954. Kwa kuwa masomo ya tiba yalichukua miaka saba, tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipopata uhuru hakikuwa bado kimetoa daktari hata mmoja. Madaktari wengi Wabelgiji walipoondoka katika machafuko ya mwezi Julai, Shirika la Afya Duniani lililazimika kutafuta madaktari kutoka nchi nyingi. Pamoja na hayo, makumi ya wasaidizi wa tiba walipelekwa Ufaransa kukamilisha udaktari, wakarudi baada ya miaka michache. Kwa ufupi, wale walioambiwa kwamba hawafai kuwa madaktari walihitaji muda mfupi tu ili wawe madaktari. Kizuizi kilikuwa sera, hakikuwa akili.

4.0 Kasongo

Kasongo ina nafasi yake katika historia ya Waswahili. Ulikuwa mji mkuu wa himaya ya Tippu Tip huko Maniema, wenye mashamba ya mpunga na nyumba za mtindo wa pwani, hadi ulipotekwa na majeshi ya Dhanis mwezi Aprili 1893. Kiswahili kilichotoka huko kilisambaa katika mashariki yote ya Kongo. Msomaji wa jarida kama hili anaujua mji huu kwa sababu ya lugha. Wasomaji wa majarida ya afya ya jamii wanaujua kwa sababu nyingine kabisa.

Mwaka 1971 Taasisi ya Antwerp, kwa makubaliano na serikali ya Zaire, ilianzisha huko mradi ulioitwa kwa jina la mji. Swali la mradi lilikuwa jepesi kulitaja na gumu kulijibu, nalo ni jinsi wilaya nzima ya watu maskini inavyoweza kuhudumiwa vyema kwa fedha kidogo zilizopo. Jibu lilijengwa juu ya ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ilikuwa kituo cha afya kinachosimamiwa na muuguzi aliyepewa miongozo ya uchunguzi na tiba iliyoandikwa hatua kwa hatua. Kituo hicho kilihudumia idadi ya watu ambayo muuguzi aliweza kuifahamu, kilitunza kadi ya kila mgonjwa, na kilikuwa na kamati ya wananchi. Ngazi ya pili ilikuwa hospitali, iliyopokea wale tu ambao kituo hakikuweza kuwatibu, na kuwarudisha kituoni na maelezo ya maandishi. Huduma zote mbili ziliongozwa na timu moja.

Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza huduma ya msingi ya afya kuwa njia ya mataifa yote. Mwaka 1979 wataalamu wawili Wamarekani, Julia Walsh na Kenneth Warren, walijibu kwamba njia hiyo ni ya gharama kubwa mno, na kwamba afadhali kuchagua magonjwa machache yanayoua sana na kuyashambulia. Mjadala huo uliigawa dunia ya afya, na Kasongo ikaingia katikati yake. Mwaka 1981 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi kuhusu watoto wa Kasongo waliochanjwa na wasiochanjwa surua. Timu ilidokeza kwamba baadhi ya watoto waliookolewa kutoka katika surua huenda walikufa baadaye kwa sababu nyingine, hivyo kwamba faida ya chanjo pekee ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa pale ambapo hakuna huduma kamili. Watafiti wengine walipinga vikali, wakionyesha kutoka sehemu nyingine za Afrika kwamba chanjo ya surua inaokoa maisha mengi hata kuliko idadi ya vifo vya surua yenyewe. Katika suala la surua wapinzani ndio walioungwa mkono zaidi na ushahidi uliofuata. Lakini swali lililoulizwa Kasongo, yaani kama inafaa kushambulia ugonjwa mmoja mmoja bila kujenga kituo, linaulizwa hadi leo.

Matunda ya Kasongo yalionekana haraka katika nchi yenyewe. Pamoja na majaribio ya Bwamanda, Vanga, Kisantu na Nyankunde, mradi huo ulitoa kielelezo cha kile kinachoitwa kanda ya afya, yaani eneo lenye hospitali moja ya rufaa na vituo kadhaa chini ya uongozi mmoja. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika kanda 306, na mradi wa SANRU ulioanza mwaka 1981 ukasaidia kuzianzisha nyingi vijijini. Baada ya vita kanda ziligawanywa upya na sasa zinazidi 500. Mji wetu wa Kalemie umo katika mfumo huo, na mama anayekwenda kupima ujauzito katika kituo cha mtaa wake anatembea, bila kujua, katika ramani iliyochorwa kwanza Maniema.

Tuulize sasa ni nani waliopata elimu ya juu kutokana na Kasongo. Madaktari vijana wa Kibelgiji waliofanya kazi huko walirudi Ulaya na data, wakaandika vitabu na tasnifu, wakawa maprofesa. Mmoja wao, Wim Van Lerberghe, aliandika kitabu kizima kuhusu vifo na ukuaji wa watoto wa mji huo, na baadaye alikuwa miongoni mwa walioongoza uandishi wa Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2008 kuhusu huduma ya msingi ya afya. Kazi yao ilikuwa ya dhati, nao waliwafundisha Wakongo wengi katika kozi za Antwerp. Hata hivyo wauguzi walioandika kadi zile usiku kwa taa ya mafuta, na wazee wa kamati waliojadili bei ya matibabu kwa Kiswahili, wanaonekana katika maandishi hayo kama "timu" na "jamii". Majina yao na maneno yao hayamo.

5.0 Muundo wa vyuo vyetu

Mwaka 1971 serikali iliunganisha Lovanium, chuo kikuu cha Lubumbashi kilichofunguliwa mwaka 1956, na chuo kikuu cha Kisangani kilichoanzishwa mwaka 1963, vikawa chuo kimoja kilichoitwa UNAZA. Vitivo viligawanywa kati ya miji mitatu. Tiba iliwekwa Kinshasa. Fasihi na isimu zikawekwa Lubumbashi, ambako pia kilianzishwa kituo cha isimu cha CELTA. UNAZA ilivunjwa mwaka 1981 na vyuo vikarudia uhuru wao, lakini miaka kumi ni mingi katika malezi ya wasomi. Kizazi kizima cha madaktari kilisoma bila kukutana na mwanaisimu, na kizazi kizima cha wanaisimu kilichunguza vitenzi na ngeli bila kuingia hospitali isipokuwa kwa kuugua. Kati yao palikuwa na umbali wa zaidi ya kilomita 1500 na misitu isiyo na barabara.

Katikati ya miaka ya 1980 ilianzishwa Kinshasa Shule ya Afya ya Jamii, katika Kitivo cha Tiba, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Tulane cha Marekani. Hapo kwa mara ya kwanza daktari au msimamizi wa kanda ya afya aliweza kusoma takwimu, uchumi wa afya na uongozi wa huduma bila kuvuka bahari. Ghasia za mwezi Septemba 1991 ziliwaondoa wageni na misaada yao ikakatika. Shule ilibaki mikononi mwa walimu Wakongo, nao waliiendesha katika miaka ambayo mshahara wa profesa haukutosha nauli ya mwezi. Baadaye shule za aina hiyo zilianzishwa pia katika vyuo vikuu vya Lubumbashi na Bukavu.

Kwa mwanafunzi wa Kalemie njia bado ni ndefu. Akimaliza shahada yake huwa asistenti. Kisha hutafuta diploma ya juu ya utafiti, ndipo aruhusiwe kuandika tasnifu, mara nyingi akiwa na msimamizi katika mji mwingine au nchi nyingine. Mkoa wa Tanganyika ulizaliwa mwaka 2015 kutokana na kugawanywa kwa Katanga. Maprofesa hawakuzaliwa siku hiyo hiyo. Asiyekuwa na mfadhili huishia njiani, na mwenye mfadhili huandika juu ya swali ambalo mfadhili analiona kuwa na thamani.

6.0 Tasnifu iliyotoka ziwani

Ili msomaji asidhani kwamba uzamivu wa namna hii ni suala la vyeo tu, tutazame mfano unaotuhusu moja kwa moja, nao ni kipindupindu.

Ugonjwa huu una historia ndefu katika njia za Waswahili. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, ambamo alifuatilia njia za misafara ya wafanyabiashara ili kueleza jinsi ugonjwa ulivyosafiri kati ya bara na pwani. Mlipuko wa zama zetu uliingia Afrika mwaka 1970, na tangu mwishoni mwa muongo huo miji ya maziwa makuu, Kalemie ikiwemo, imekuwa ikiugua karibu kila mwaka. Baada ya maafa ya wakimbizi ya Goma mwezi Julai 1994, wengi waliamini kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa kambi na vita. Kwa hiyo sera ilikuwa kusubiri mlipuko utokee, kisha kupeleka mahema na dawa.

Daktari Mkongo, Didier Bompangue, alilichunguza jambo hili katika utafiti wake wa uzamivu uliotetewa mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha Franche-Comté, Ufaransa. Alikusanya taarifa za wagonjwa zilizoandikwa na kanda za afya wiki baada ya wiki. Makala aliyoichapisha na wenzake mwaka 2008, kuhusu Katanga na Kasai Mashariki katika miaka ya 2000 hadi 2005, ilionyesha kwamba milipuko ilianzia kwenye maeneo ya maziwa, na kwamba mkakati uliokuwa ukitumika haukufaa. Kutokana na kazi ya namna hiyo nchi ilianza kuitazama miji ya ziwani kama maficho ya ugonjwa, ambako inafaa kuwekeza katika maji safi hata wakati ambapo hakuna mgonjwa. Huko Uvira, watafiti walioongozwa na Aurélie Jeandron wa chuo cha afya ya jamii cha London walilinganisha siku ambazo bomba lilikauka na wagonjwa waliolazwa. Mwaka 2015 walichapisha matokeo kwamba bomba likikosa maji, wagonjwa huongezeka katika siku 12 zinazofuata.

Kila mwanamke wa Kalemie anayebeba ndoo kutoka ziwani angeweza kusema kwamba shida ni maji. Kwa nini basi pawe na tasnifu? Ni kwa sababu neno la mwanamke huyo halifiki kwenye meza ya bajeti, na jedwali hufika. Uzamivu katika huduma za afya, unapofanywa vyema, hugeuza kile ambacho watu wanakijua kuwa kitu ambacho mtawala hawezi kukikana. Tuangalie pia malighafi ya tasnifu hiyo. Ilikuwa madaftari yaliyojazwa na wauguzi wa vituo, ndani ya kanda ambazo wazo lake lilijaribiwa Kasongo. Historia hii ni mnyororo mmoja.

7.0 Suala la lugha

Sasa tufikie eneo letu wenyewe. Utafiti wa huduma za afya hutegemea maswali yanayoulizwa kwa watu, na maswali hayo kwetu huulizwa kwa Kiswahili. Dodoso huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Mdadisi hulifasiri papo hapo mlangoni mwa nyumba. Jibu hutolewa kwa Kiswahili na kurudishwa katika lugha ya kwanza. Tasnifu huonyesha mwanzo na mwisho wa safari hiyo, huku katikati pakifichwa.

Mfano bora wa hatari hiyo unatoka Bagamoyo. Mwaka 1996 Peter Winch na wenzake walichapisha uchunguzi wa majina ya homa katika wilaya hiyo. Waligundua kwamba wenyeji walitenganisha homa ya malaria na "degedege". Kwa daktari, mtoto anayetetemeka na kukakamaa kwa homa huenda ana malaria kali. Kwa wazazi wengi, degedege ilikuwa ugonjwa mwingine wenye asili nyingine, wa kutibiwa kwanza na mganga. Mpango wa malaria uliotumia neno "malaria" peke yake ulikuwa unawaambia watu habari isiyogusa ugonjwa wanaouogopa zaidi. Kosa la namna hii haliwezi kusahihishwa kwa dawa zaidi. Linasahihishwa kwa kuchunguza maana ya maneno.

Huku kwetu mifano ni mingi. Tuchukue neno "kaya". Ndilo linalotumiwa katika sensa za Tanzania, lakini mtu wa Kalemie hulielewa kwa shida. Yeye husema "nyumba" au "jamaa". Lakini "jamaa" kwa Kiswahili cha Kongo ni familia, tena familia pana, ilhali kwa Kiswahili cha Tanzania jamaa ni ndugu au hata mtu yeyote tu. Katika mwaka 2000 shirika la International Rescue Committee lilianza tafiti za vifo vilivyosababishwa na vita, na moja ya sehemu zilizochunguzwa mwanzoni ilikuwa Moba. Tafiti zilizofuata zilifikia makadirio ya mwaka 2008 ya vifo milioni 5.4 vya ziada, makadirio ambayo wataalamu wa demografia bado wanayabishia, hasa kuhusu kiwango cha vifo cha kabla ya vita. Hatuna ushahidi kwamba neno fulani lilipotosha hesabu hizo. Tunasema tu kwamba katika utafiti wowote wa vifo, kabla ya kuhesabu waliokufa katika nyumba ni lazima ijulikane nani ni wa nyumba hiyo, na jibu la swali hilo limo katika lugha.

Hata jina la taaluma lenyewe lina tatizo. Tanzania husema "sera ya afya". Kwetu, kwa mfano wa Kifaransa, ambacho hutumia neno moja kwa mambo mawili, wengi husema "siasa ya afya". Hili halikuwa geni hata Tanzania. Kaulimbiu ya mwaka 1972 ilikuwa "Siasa ni Kilimo". Lakini kwa mtu aliyeishi chini ya chama kimoja na kisha chini ya waasi, neno "siasa" hufunga midomo. Mdadisi anayetangaza kwamba amekuja kwa ajili ya siasa ya afya atapata majibu ya adabu, wala hatapata ya kweli. Tunaona kwamba neno "sera" linastahili kuingizwa katika matumizi ya Kongo kwa sababu hiyo ya kazi, si kwa kuiga tu.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mtabibu Mwafrika wa elimu ya juu alifika katika ziwa letu mwaka 1889, na kwamba njia aliyoifuata iliachwa. Tumeona kwamba ukoloni ulifanya sayansi hapa bila kuwapa wenyeji cheo cha kuuliza. Kwamba Kasongo ilifundisha dunia namna ya kupanga huduma, huku shahada na umashuhuri vikienda kwingine. Na kwamba Wakongo walipoanza kuandika tasnifu wenyewe, kama ile ya kipindupindu, sera ya nchi iliweza kubadilika. Hatusemi kwamba mgeni hawezi kuuliza swali zuri. Tunasema kwamba swali zuri linahitaji kubaki mahali lilipoulizwa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu ambayo hayahitaji mfadhili mkubwa. Kwanza, kila tasnifu ya huduma za afya iliyotumia dodoso katika eneo la Kiswahili iambatishe dodoso hilo katika Kiswahili lilivyoulizwa kwa kweli, ili jopo liweze kulihakiki. Pili, iwe na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, na nakala yake iwekwe katika ofisi ya kanda ya afya na kusomwa mbele ya kamati ya wananchi waliohojiwa. Tatu, idara za isimu na za afya katika vyuo vya mashariki mwa Kongo zikusanye pamoja faharasa ya majina ya magonjwa, dalili na huduma kama yanavyosemwa Kalemie, Moba, Kasongo na Uvira, ikilinganishwa na Kiswahili sanifu. Kazi hiyo yaweza kuanzwa na wanafunzi wa lisanse katika likizo moja.

Uzamivu, tulisema, unatokana na kuzama. Mvuvi akizama kuutafuta wavu uliokwama, wenzake mtumbwini huwa wameshika kamba. Watu waliotoa majibu yao, damu yao na hesabu ya watoto wao waliokufa ndio walioshika kamba ya tasnifu hizi zote. Wana haki ya kuonyeshwa, kwa lugha yao, kilichopatikana chini.